Filta ya Mazutu Ikigoma Kutoka: Nguvu Ina Zamu Yake

Swali hili linarudi kila mara, kutoka kwa madereva wa Kavumu, Miti na Katana, hata kwa wanaoshuka kutoka Kalehe: filta ya mazutu imegoma, haisogei hata kidogo, nifanyeje? Anauliza mwenye Fuso ya kubeba mchanga, anauliza mwenye Canter ya kupeleka bidhaa sokoni, anauliza mwenye Mercedes 911 aliyoirithi kwa baba yake. Na wengi huuliza wakiwa wamekwisha kulitoboa kopo kwa bisibisi, mazutu yanawatiririka kutoka kiganjani hadi kwapani.

Jibu langu halibadiliki: nguvu ina zamu yake, na zamu hiyo ni ya mwisho. Maadamu kopo la zamani ni zima, gari lako bado linatembea. Unaweza kulifikisha Bukavu kwa fundi mwenye jiliwa na vifaa kamili. Ukishalitoboa, injini inavuta upepo na gari linalala hapohapo. Kwa hiyo kanuni ya makala yote ni hii: usifanye jambo lisilorudi nyuma kabla ya kuwa na kila kitu cha kulimalizia.

Tambua kwanza filta yako ni ya aina gani

Usiinue ufunguo kabla ya kuangalia. Kwenye magari ya zamani ya huku kwetu utakuta aina tatu:

- Kopo la kusokota. Kopo zima la chuma linazungushwa kwenye kichwa cha filta, na likichoka linatupwa lote. Canter, Isuzu na Dyna nyingi zina hili. Mara nyingi chini yake kuna bomba dogo la kumwagia maji, pengine na kihisi chenye waya.
- Bakuli lenye boliti ya katikati. Boliti moja ndefu inakaza bakuli na kichwa, na ndani kuna karatasi ya kubadilisha. Mercedes nyingi za zamani ziko hivi. Kuna pia zile za CAV, ambazo kopo limebanwa kati ya kichwa na kitako kwa boliti inayopita katikati.
- Kofia ya plastiki inayofunguliwa kwa juu. Hii iko kwenye malori ya karibuni zaidi, kama Atego na Actros.

Aina ya kwanza ndiyo inayosumbua wengi, nayo ndiyo nitakayokaa nayo zaidi. Nyingine mbili zina sehemu zake huko mbele.

Kwa nini imegoma

Ukijua sababu utajua pa kuanzia. Karibu kila mara ni moja kati ya hizi:

- Ilikazwa kwa ufunguo. Aliyeifunga aliogopa kuvuja, akaongeza nguvu. Hii ndiyo sababu ya kwanza kwa mbali.
- Mpira ulifungwa mkavu. Mpira wa kuzibia usiopakwa mafuta hujikunja unapokazwa, kisha hushikana na chuma.
- Maji. Kichwa ni aluminiamu, kopo ni chuma. Vikikutana na maji, kutu huota kwenye uzi na ukingoni. Usiku wa Kavumu, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, ni wa baridi, na tangi lililo nusu hutoa jasho kwa ndani. Ongeza bidoni lililoachwa wazi mvua ikinyesha, na maji umeyapata.
- Mazutu yaliyochanganywa. Yakitiwa petroli ya taa au esansi, mpira huvimba na kujibana.
- Uzi usio wake. Uzi wa M20×1.5 na ule wa inchi ¾ unafanana kwa macho. Mtu akilazimisha usio wake, uzi unajiuma.
- Imekaa mno. Misimu ya mvua imepita, matope yamekauka juu yake, hakuna aliyeigusa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kanuni ya kutorudi nyuma inaanzia hapa. Usifungue chochote bila:

1. Filta mpya mkononi, si ya kuagizwa. Linganisha namba, upana wa mpira na uzi. Kabla ya kutoka dukani Kadutu, linganisha na namba iliyoandikwa kwenye kopo la zamani. Ipige picha kwa simu kabla hujaondoka nyumbani.
2. Mpira wa kuzibia wa akiba, na ringi za shaba za boliti za mabomba.
3. Mafuta ya kupenyeza kutu. Ukiyakosa, changanya mafuta ya gia otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, kwenye kopo la chuma au la kioo. Tikisa kila unapotumia, kwa sababu hujitenga.
4. Burashi ya waya, vitambaa vikavu, beseni la kukinga.
5. Ufunguo wa filta wa mkanda au wa mnyororo.
6. Msasa wa namba ya chini, au kipande cha mpira wa ndani wa tairi.
7. Nyundo nyepesi, tindo, na ufunguo wa kufungulia boliti mbili za kichwa cha filta.
8. Lita chache za mazutu safi, yaliyochujwa, kwa ajili ya kumalizia.

Usalama: usiruke hapa

- Gari likae pasawa, hendibreki juu, mawe kwenye magurudumu. Ukiinua kebini, hakikisha nguzo yake imekaa na kufuli limeshika.
- Ngoja injini ipoe. Dizeli safi haiwaki kirahisi kwenye joto la kawaida, lakini mazutu yaliyonunuliwa kando ya barabara, kwenye bidoni lililokuwa na esansi, huwaka. Yachukulie kana kwamba ni esansi.
- Ondoa waya wa hasi wa betri. Stata mara nyingi iko karibu, na ufunguo wa chuma ukigusa, cheche inaruka.
- Hakuna sigara, hakuna taa ya mafuta, hakuna jiko la makaa karibu. Hakuna mashine ya kusaga chuma.
- Watoto na watazamaji wakae mbali. Huku kwetu gari bovu hukusanya watu upesi.

Hatua kwa hatua: kopo la kusokota

Fuata kwa mpangilio. Hatua moja ikishindwa, nenda inayofuata, usiruke.

*1. Safisha.* Sugua kwa burashi mstari ambapo kopo linakutana na kichwa, hadi uone chuma pande zote. Vumbi jekundu la huku likikauka na mazutu huwa gumu, na linashikilia kopo kuliko unavyodhani. Pia, uchafu usiosafishwa sasa utaangukia kichwani utakapofungua.

*2. Funga mazutu, mwaga yaliyomo.* Kama tangi liko juu kuliko filta, au gari limeegeshwa kwenye mteremko, funga koki ya tangi au bana bomba la mpira. Fungua bomba la chini la filta, kinga kwa beseni. Tazama yanayotoka: maji yakitangulia, umepata sababu ya kutu. Chomoa waya wa kihisi. Kihisi chenyewe kiache. Utakifungua kopo likiwa nje, kwenye jiliwa.

*3. Paka mafuta ya kupenyeza, kisha ondoka.* Mimina kidogo kwenye ule mstari uliousafisha, zungukia pande zote. Utaona mafuta yanatoweka taratibu chini ya ukingo. Hapo ndipo yanafanya kazi. Gonga kichwa kwa mpini wa nyundo, kidogo kidogo, ili yashuke. Rudia baada ya saa moja, kisha yaache yalale. Mtu asiye na usiku mmoja wa kusubiri ndiye anayeishia kulala barabarani.

*4. Hakikisha unazungusha upande wa kufungua.* Wengi wanakaza zaidi bila kujua. Ukiwa chini ya gari, unatazama kitako cha kopo, fungua kinyume cha mshale wa saa. Ukiwa juu ya injini, unatazama kopo kutoka upande wa kichwa, ni kinyume chake: mkono unakwenda upande wa mshale wa saa. Chora mshale kwa chaki kwenye kopo kabla ya kuanza. Chaki ni bei ndogo.

*5. Mkono kwanza.* Futa kopo likauke kabisa. Lizungushie msasa, upande mkwaruzo ukielekea kopo, au kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Shika kwa mikono miwili, vuta kwa mkazo mmoja wa polepole. Usitikise kwa kushtukiza. Filta nyingi zinazosemwa zimegoma hutoka hapa, baada ya usiku mmoja wa mafuta.

*6. Ufunguo wa mkanda.* Uweke karibu na kichwa kadiri inavyowezekana. Pale ndipo kopo lina sahani nene ndani yake. Katikati ya kopo ni bati jembamba. Ukibana hapo linajikunja, na likishajikunja hakuna kifaa kitakachoshika tena. Kama huna ufunguo huu, mkanda wa feni uliochakaa unazungushiwa kopo, ncha zinapitishwa kwenye kipande cha bomba, na bomba linakuwa mpini.

*7. Kaza kidogo, kisha fungua.* Ikigoma kufunguka, isukume unywele mmoja upande wa kukaza, halafu urudi. Kutu hukatika kwa kwenda na kurudi. Utasikia mlio mfupi, kama kuvunjika kwa kijiti. Ni mpira umeachia. Kuanzia hapo tumia mkono.

*8. Ufunguo wa mnyororo.* Huu unashika sana, lakini unauma bati. Uweke palepale karibu na kichwa, na uutumie mara moja kwa uthabiti. Kopo likianza kubonyea, simama. Usiendelee hata kidogo.

Hapa simama ujiulize

Umefika mwisho wa hatua zinazorudi nyuma. Kopo bado ni zima, gari bado linaweza kuwaka. Kabla ya kuendelea, jibu maswali haya:

- Je, filta mpya iko hapa, na nimehakikisha uzi wake ndio?
- Je, nina saa za mchana za kutosha?
- Je, gari liko mahali pa kulala salama?

Jibu lolote likiwa "hapana", funga bomba la chini, rudisha koki na waya zote, toa upepo kama nilivyoeleza huko mbele, washa gari, ulipeleke garaji. Usiendelee ukiwa kwenye barabara ya Bunyakiri ndani ya msitu wa Kahuzi-Biega, ambako hakuna duka wala jirani.

Dawa bora kuliko bisibisi: ng'oa kichwa chote

Watu wengi hawaifikirii njia hii, nayo mara nyingi ndiyo rahisi kuliko zote. Kichwa cha filta kimeshikwa na boliti mbili tu, na mabomba mawili au matatu.

1. Weka alama kwenye kila bomba: lipi linaingia, lipi linatoka. Rangi ya kucha inatosha.
2. Fungua boliti za mabomba. Ziba ncha zote kwa kitambaa safi au mfuko, vumbi lisiingie.
3. Fungua boliti za kichwa. Zipake mafuta ya kupenyeza kwanza, zikigoma usizivunje.
4. Peleka kichwa na kopo lake kwenye jiliwa. Bana kichwa, kwa vipande vya mbao pande zote mbili, kwa sababu aluminiamu hupasuka.
5. Sasa una nafasi, mwanga na mikono miwili. Ufunguo wa mnyororo unaoshindwa ukiwa chini ya gari unashinda hapa.

Wakati wa kurudisha, tumia ringi mpya za shaba. Kama hazipatikani, zile za zamani zichome hadi ziwe nyekundu, mbali kabisa na gari na mazutu, kisha zizamishe majini. Shaba inakuwa laini tena na inaziba.

Bisibisi: lini, na vipi

Najua fundi wako atasema ndiyo njia ya haraka. Wakati mwingine inafanya kazi. Lakini bati la filta ni jembamba, na bisibisi mara nyingi huchana kopo kuzunguka kama kufungua kopo la dagaa, huku ile sahani nene ya juu ikibaki palepale. Ukilazimika:

- Iwe baada ya hatua zote za juu, si kabla.
- Mwaga mazutu yote kwanza.
- Toboa karibu na kichwa, pembeni kidogo, usigonge bomba la uzi lililo katikati. Ukilipinda, umejiongezea kazi.
- Vaa glavu nzito. Ukingo wa bati lililochanika unakata hadi mfupa.
- Bati likianza kuchanika, acha. Nenda sehemu inayofuata.

Kopo limechanika, sahani imebaki

Usikate tamaa, na usiite mtu wa kuchomelea. Kinachobaki ni sahani ya chuma yenye uzi katikati na vitundu vya kupitishia mazutu kuzunguka.

1. Kata bati lililobaki kwa mkasi wa bati au msumeno wa mkono. Toa karatasi ya ndani yote.
2. Tafuta vitundu viwili vinavyotazamana. Tia boliti mbili zinazoingia humo, kisha pitisha nondo au mpini wa ufunguo kati yake. Zungusha upande wa kufungua. Njia hii haigusi kichwa kabisa.
3. Ikishindikana, weka tindo kwenye ukingo wa sahani, kwa mshazari, ielekee upande wa kufungua. Gonga kwa nyundo nyepesi, mapigo mengi madogo. Zunguka: piga hapa, kisha upande wa pili. Usielekeze tindo kwenye uso wa aluminiamu ambapo mpira hukaa. Mkwaruzo mmoja hapo utavuja au utavuta upepo maisha yote ya gari.
4. Sahani ikisogea kwa upana wa kucha, acha tindo, rudi kwenye boliti na nondo.

Filta ya bakuli na boliti ya katikati

Hapa adui ni kichwa cha boliti kinachoviringika.

- Tumia ufunguo wa soketi wenye pembe sita, wa kipimo chake kamili. Ufunguo wa pembe kumi na mbili au wa kurekebisha huviringisha boliti ya zamani.
- Sugua uchafu, paka mafuta ya kupenyeza, subiri.
- Gonga kichwa cha boliti mara chache kwa nyundo, wima. Mshtuko unalegeza uzi.
- Pembe zikianza kuviringika, zipige tupa zifae kipimo kimoja chini, kisha gongelea soketi ndogo iingie kwa kubana.
- Boliti ikitoka, bakuli likiendelea kushika, ni mpira wa juu umegandamana. Gonga bakuli kwa kipande cha mti, huku na huku. Usilichokonoe kwa bisibisi.
- Kumbuka ringi ndogo chini ya kichwa cha boliti, na springi iliyo ndani ya bakuli. Vikianguka kwenye tope, utavitafuta hadi giza liingie.

Kofia ya plastiki

Sitasema mengi. Tumia soketi ya pembe sita ya kipimo chake, isiyocheza; koleo itaivunja. Usipake asetoni, inaweza kula plastiki. Safisha kuzunguka, lainisha kwa mafuta ya injini, zungusha polepole. Ukifunga, badilisha mpira wa duara na ufuate kipimo cha kukazia kilichoandikwa kwenye kofia yenyewe.

Kufunga mpya ili isigome tena

Makosa mengi hufanyika hapa, mtu akiwa amechoka na anataka kuondoka.

1. Tazama uso wa kichwa kwa makini. Mpira wa zamani mara nyingi hubaki umegandamana huko juu, mweusi, bapa, umefanana na chuma chenyewe. Pitisha ukucha kuzunguka. Mpira mpya ukikaa juu ya wa zamani, gari litavuja au litavuta upepo.
2. Futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi.
3. Paka mpira mpya mazutu safi au mafuta ya injini, kwa kidole, pande zote.
4. Usijaze filta kwa mazutu ya bidoni kupitia tundu la katikati. Kwenye makopo mengi ya kusokota, tundu hilo ni upande wa mazutu yaliyokwisha chujwa. Unachomimina pale kinakwenda moja kwa moja kwenye pampu ya injekta. Ndani yake, nafasi kati ya plunja na silinda yake ni maikroni chache, wakati unywele wa mtu una maikroni 50 na zaidi. Acha pampu ya mkono ijaze.
5. Zungusha kwa mkono mpaka mpira uguse. Kuanzia hapo ongeza nusu hadi robo tatu ya mzunguko, au kama kopo lenyewe lilivyoandikwa. Kwa mkono.
6. Andika tarehe na kilomita kwenye kopo kwa rangi.

Kutoa upepo

Gari la zamani lenye pampu ya mstari halitawaka likiwa na upepo, hata upige stata hadi betri iishe. Fuata njia ya mazutu, kutoka tangini kuelekea injini:

1. Rudisha koki na waya wa betri.
2. Legeza skurubu ya upepo juu ya filta. Sukuma pampu ya mkono. Kwanza utaona povu, kisha mapovu machache, kisha mazutu matupu. Funga skurubu huku ukiendelea kusukuma.
3. Fanya vilevile kwenye skurubu ya pampu ya injekta.
4. Rudisha kitufe cha pampu ya mkono mahali pake ukikaze. Kikiachwa wazi, upepo unaingia hapo.
5. Ikikataa kuwaka, legeza nati za mabomba kwenye injekta mbili, piga stata kwa vipindi vya sekunde 10 hadi 15, pumzisha, rudia. Yakitoka mazutu, kaza.

Onyo: mazutu yanayotoka kwenye mabomba ya injekta yana msukumo wa kupenya ngozi. Usiyazibe wala kuyapima kwa kidole. Yakikuingia, kidonda kitaonekana kidogo kama cha sindano. Nenda hospitali saa hiyohiyo, usisubiri kivimbe.

Ikiwaka, iache ikilia dakika kumi. Pitisha kitambaa kikavu chini ya filta. Kikiloa, zima kwanza, kisha ongeza mkazo kidogo kwa mkono.

Mnayonibishia

*"Nikikaza kwa mkono tu, si itavuja kwenye barabara zetu?"* Kinachoziba ni mpira. Uliopakwa mafuta na kukaa kwenye uso safi hauvuji hata kwenye mashimo. Unaovuja ni ule uliokunjwa kwa kukazwa kupita kiasi.

*"Filta ni ghali. Siwezi kuosha ya zamani kwa esansi na kuipuliza?"* Hapana. Upepo wa kompresa unachana karatasi kwa matundu usiyoyaona. Utakuwa na kopo lisilochuja, huku moyo wako umetulia.

*"Basi niiruke kabisa, niunganishe bomba moja kwa moja."* Utafika, mara moja au mbili. Kisha utanunua pampu ya injekta, na bei yake inanunua filta za miaka mingi.

*"Kwa nini nisipashe kichwa moto? Kwenye boliti za magurudumu tunafanya."* Gurudumu halina mazutu ndani. Moto kwenye filta ni hatari, na joto linaharibu aluminiamu na mipira yote ya karibu.

*"Gari linatembea vizuri, kwa nini nihangaike?"* Kwa sababu filta iliyoziba haikupigii simu. Dalili zake ni kukosa nguvu kwenye mlima, injini kukohoa ikiwa na mzigo, kuwaka kwa shida asubuhi. Ukiziona hizo ukipanda kuelekea Tshivanga, umechelewa.

Mambo ya kuzoea

- Fungua bomba la chini la filta kila juma, zaidi wakati wa mvua, na umwage maji.
- Chuja mazutu ya bidoni kwa kitambaa kizito kabla ya kutia tangini, na uache kiasi kidogo cha mwisho chini ya bidoni. Maji hukaa huko.
- Jaza tangi jioni kama fedha inaruhusu, lisitoe jasho usiku.
- Kama unategemea mazutu ya kando ya barabara, badilisha filta kwa nusu ya kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari.
- Beba filta moja ya akiba na ufunguo wa mkanda chini ya kiti, daima.
- Mazutu machafu na kopo kuukuu usivitupe mtaroni. Maji ya mitaro yetu huishia Ziwa Kivu.

Kesho, kabla ya kupakia mzigo, mwulize fundi wako: filta hii ilifungwa lini, na ilikazwa kwa kifaa gani? Kama hana jibu, nunua mpya, paka mafuta ya kupenyeza leo jioni, na uibadilishe ukiwa hapa Kavumu, mchana, gari likiwa tupu.